Mti Uliojiotea Makina

Msafiri atokaye katikati ya mji wa Nairobi kwa barabara ya Ngong, akipita maduka ya Adams kisha akapinda mkono wa kushoto penye soko la Toi, huingia Kibera kwa upande wa Makina. Mitumba ya Toi humsindikiza hatua chache, viatu upande huu, mashuka upande ule, halafu njia hupungua. Mabati ya nyumba yamekaribiana mno, hata mwenye mwavuli hulazimika kuufunga ili apishane na mwenye mkokoteni. Mgeni aweza kwenda mwendo wa nusu saa asione mti wa kumtia kivuli, isipokuwa mmoja mmoja uliosimama ndani ya nyua za wenyeji wa zamani, ambao tawi lake hujitokeza juu ya bati kama mtu achunguliaye dirishani.

Ajabu ni kwamba jina lenyewe la Kibera ni habari ya miti. Mwanzoni mwa karne ya 20 askari wa asili ya Sudani waliotumika katika jeshi la King's African Rifles waliruhusiwa kukaa hapo pamoja na jamaa zao, na mwaka 1918 ekari 4,197 zikatangazwa rasmi kuwa eneo la kijeshi. Kwa lugha yao ya Kinubi mahali hapo wakapaita Kibra, maana yake msitu au pori. Mtaa wa Laini Saba bado waitwa hivyo kwa ajili ya uwanja ambapo askari walijifunza kulenga shabaha. Wajukuu wa askari hao walingoja hati ya ardhi kwa muda mrefu sana. Walipoipata, mwezi wa Juni 2017, ilikuwa ya ekari 288. Mwenye kalamu na afanye hesabu ya kutoa.

Ama msitu wenyewe, sehemu yake iliyosalia ni ule wa barabara ya Ngong, upande wa magharibi. Ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932 ukiwa na hekta zaidi ya 2,900, na leo haufiki hata nusu ya hapo. Uwanja wa mbio za farasi, nyumba, na barabara kubwa ya kuzunguka mji vimeumega kila kimoja kwa zamu yake. Hata hivyo ndege wa msitu hawajui mipaka iliyowekwa na wapimaji. Hula matunda huko, huruka hadi Kibera, na kuangusha mbegu popote watuapo.

Katika ua wa mzee mmoja wa Makina, aliyekuwa dereva wa malori hata akastaafu, palikuwa na pembe ndogo kati ya tangi la maji na ukuta wa choo. Vyumba saba vimeuzunguka ua huo. Viwili ni vya mzee na jamaa yake, vitano vimepangishwa, na karibu kila chumba kina watoto. Katika pembe hiyo, wakati wa mvua za masika, uliota mche usiopandwa na mtu. Mzee aliukuta una majani manne, akauzungushia matofali matatu usikanyagwe. Hakujua ni mti gani. Alisema tu kwamba Kibra imerudi yenyewe, na neno hilo likawa mzaha wa nyumba nzima.

Mche ule haukuwa na haraka. Baada ya miaka saba ulikuwa umeupita mlango kwa urefu kidogo tu. Majani yake yalikaa mawili mawili, yakielekeana katika kila kifundo cha tawi. Yalikuwa magumu kama ngozi, ya kijani kilichokoza, yakang'aa upande wa juu na kufifia upande wa chini, na kila jani likamalizika kwa ncha kali. Hata kiangazi kilipokausha sukuma wiki katika magunia ya jirani, mti ule haukupukutisha jani. Mzee aliusifu kwa uvumilivu wake, akaona kwamba wafanana na watu wa mahali hapo.

Kila mpangaji aliupa jina la nyumbani kwao. Mtu wa Busia alisema ni mzambarau, kwa kuwa majani yake yang'aa na kuelekeana. Mwenye asili ya Murang'a alisema ni mutamaiyu, yaani mzeituni wa porini, ambao kuni zake huwaka hata mbichi. Fundi mmoja wa mabomba aliapa kwamba ni mtandamboo, ule ambao Wakikuyu huuita mukawa, na kwamba watoto wangoje wataona matunda matamu. Huyu ndiye aliyesadikiwa zaidi, kwa sababu alisema kwa sauti kubwa.

Si haki kuwalaumu. Mtu wa Nairobi huijua mijakaranda, iliyotoka Amerika ya Kusini. Huijua mikalitusi, iliyoletwa kutoka Australia mwaka 1902 ili kuni zake ziendeshe magari ya Reli ya Uganda. Huijua migrevilea, nayo pia ya Australia, iliyopangwa mipakani mwa mashamba, na misaipresi ya Meksiko iliyozunguka shule na makanisa. Wageni hawa wote wamezoeleka. Lakini miti iliyokuwapo kabla ya reli kufika mwaka 1899, mingi haijulikani tena kwa jina wala kwa sura, hata mwenyeji wa kale akijitokeza uani mwa mtu huulizwa atokako.

Mwaka wa saba mti ulitoa maua. Yalikuwa madogo, meupe yenye wekundu kidogo, yakisongamana penye makwapa ya majani, na harufu yake nzuri wakati wa usiku iliishinda hata ile ya choo, jambo ambalo wapangaji wote walilishukuru. Kisha vikatokea vitunda mfano wa zeituni. Kwanza vilikuwa vya kijani, vikageuka vyekundu, na kimoja kimoja kikaanza kuwa cheusi chenye rangi ya zambarau. Fundi wa mabomba akawakumbusha watu alivyosema.

Sasa lazima kutaja biashara ya nyumba ile. Mke wa mwana wa mzee huuza mishikaki jioni karibu na soko la Toi. Vijiti vya kutungia nyama hununuliwa kwa pakiti, na mwezi ule bei ilikuwa imepanda. Yule mama, akiwa mtu wa kubana matumizi, aliona kwamba matawi membamba ya mti wa uani yamenyooka na ni magumu. Akakata vijiti sitini, akavichonga ncha, akavianika juu ya bati. Alikusudia kuvitumia Jumamosi, kwani siku hiyo watu wengi hupokea ujira. Alipokuwa akichonga, utomvu mweupe kama maziwa ulimgandama vidoleni. Alionja kidogo kwa ncha ya ulimi, akatema kwa uchungu wake, akasema utakauka kwa jua.

Katika juma lilo hilo mjukuu wa mzee, msichana wa kidato cha pili, aliagizwa na mwalimu wake wa biolojia kuleta jina la mti mmoja wa nyumbani, jina la kienyeji na la kitaalamu pia. Aliupiga mti picha na kuiuliza programu moja ya simu. Simu ikajibu mara moja, bila wasiwasi wowote, kwamba ni mmea wa bustani wa Afrika ya Kusini unaozaa matunda ya kupikia jemu. Msichana akatazama picha ya mmea huo akaona una miiba. Mti wa uani haukuwa na mwiba hata mmoja.

"Babu," akasema, "simu yasema mti huu una miiba."

"Basi simu haijafika Makina," mzee akajibu.

Wakaafikiana kumtafuta mtu anayeijua miti kwa macho. Asubuhi ya Jumamosi mzee alikata tawi moja lenye majani, maua na matunda, akalifunga kwa gazeti, wakashika njia ya kwenda Kawangware. Mzee alikumbuka kwamba huko wako akina mama wauzao miche, na tangu alipokuwa dereva aliamini kwamba anayeuza kitu ndiye akijuaye.

Kutoka Toi hadi Kawangware ni mwendo wa saa moja na zaidi kwa mguu wa mtu mzima. Upande mmoja wa barabara ya Ngong hukaa maseremala wa jua kali, na vitanda vyao na makabati yao hupangwa nje hata wapita njia hupita kama waliomo chumbani mwa mtu. Mzee alisimama kwa wawili au watatu akawaonyesha tawi. Mmoja aliuliza, "Mbao yake ni pana kiasi gani?" Alipoambiwa mti ni mnene kama mkono wa mtoto, hakuwa na hamu tena. Seremala huujua mti ukiwa umelala. Ukisimama na majani yake, mara nyingi hawajuani.

Penye Dagoretti Corner, karibu na ofisi kuu za wapima hali ya hewa, barabara ya Naivasha huchipuka mkono wa kulia na kuelekea Kawangware. Matatu za nambari 46 hupita hapo kwa fujo. Jina la Kawangware lina ndege ndani yake, kwani ngware kwa Kikuyu ni kwale, na kwale hapendi mahali pasipo majani. Nchi hiyo ilikuwa ya Wakikuyu wa Dagoretti, na haikuingizwa mjini mpaka mipaka ya Nairobi ilipopanuliwa mwaka 1963. Watu wengi huko wamerithi viwanja vyao kwa baba na babu. Nyumba za mabati na za ghorofa zimebanana kama za Kibera, lakini huku na huku nyuma ya ukuta huonekana mparachichi mkubwa, au mukinduri, au muu wenye maua ya manjano. Mwenye hati hupanda mti ambao matunda yake atayala mjukuu. Asiye na hati hupanda sukuma wiki, ambazo aweza kuzichuma kabla ya tingatinga kufika.

Mama mmoja muuza miche, aliyekuwa akimwagilia vifuko vyake kando ya barabara, alilipokea tawi kwa heshima.

"Karibu, Baba. Huu ni mutamaiyu," akasema, kisha akaligeuza jani akatazama chini yake, akanyamaza. Mutamaiyu una majani membamba, na upande wa chini wake huwa na weupe au udhahabu. Jani hili lilikuwa pana na la kijani pande zote mbili. Akavunja kikonyo, utomvu mweupe ukatoka. "Hapana. Mutamaiyu hauna maziwa. Wala mzambarau hauna. Mukawa una maziwa, lakini mukawa ungekuwa umekwisha kunichoma."

Mama huyu anastahili sifa. Angeweza kusema jina lolote akauza na mche juu yake. Badala yake aliwaelekeza kwa mzee mmoja wa Kitui, mlinzi wa kiwanja cha mbao nyuma ya soko, ambaye alisema hakuna kichaka asichokijua.

Mlinzi alikuwa ameketi juu ya gogo, rungu magotini. Msichana alimwamkia, "Shikamoo, Babu," naye akaitikia, akanyosha mkono. Gazeti lilipofunguliwa aliurudisha mkono wake. Hakuligusa tawi. Aliinama akalitazama majani, akatazama vitunda, akauliza kama harufu ya maua ilizidi wakati wa usiku. Kisha akamwambia msichana aende bombani akanawe mikono kwa sabuni, na asijiguse macho wala mdomo kabla ya kunawa.

"Mzee mwenzangu," akamwambia babu yake, "huu sisi twauita kivai. Nyumbani kwako kuna watoto?"

Mzee wa Makina alijibu kwamba wapo wengi. Hapo ndipo akakumbuka vijiti juu ya bati.

Ilikuwa yapata saa tisa alasiri. Moto wa mishikaki huwashwa saa kumi na moja. Simu ya mke wa mwanawe iliita mara tatu bila kupokelewa, kwa kuwa mwenyewe alikuwa sokoni kununua nyama na simu ilikuwa chumbani. Mzee, ambaye hakuwa amepanda pikipiki tangu alipovunjika mguu, alipanda moja na mjukuu wake nyuma yake, akamwambia kijana wa bodaboda asiangalie bei.

Wakiwa njiani, yafaa msomaji aelezwe kivai ni nini. Ni mti mfupi wenye majani mabichi mwaka mzima, uotao kando ya misitu mikavu na katika vichaka vya mawe, toka Uhabeshi hadi kusini mwa Afrika ya Mashariki, na vichaka vya Nairobi ni makao yake ya asili. Wakikuyu huuita murichu, Wamasai ol-morijoi, na watu wa pwani msungu. Kwa muda usiokumbukika umekuwa mama wa sumu ya mishale. Wakamba, Wagiriama, Waata wenye pinde kubwa za kuulia tembo, na wengine wengi, walikata mbao na mizizi yake, wakaichemsha kwa saa nyingi, wakaichuja, wakaichemsha tena hata ikawa nzito na nyeusi kama lami. Sumu hiyo ilipakwa nyuma ya ncha ya mshale na kuvikwa ngozi laini isikauke, na iliuzwa toka nchi hata nchi kama bidhaa nyingine yoyote.

Kazi yake ni moyoni. Mwaka 1888 Mfaransa aitwaye Arnaud aliitoa kutoka katika mti wa jamii hiyo hiyo, ikaitwa wabaini, jina lililotokana na neno la Kisomali la sumu ya mshale. Katika kila chembe ya mwili mna pampu ndogo isiyopumzika, inayotoa chumvi ya aina moja nje na kuingiza ya aina nyingine. Mdenmark Jens Christian Skou aliieleza pampu hiyo mwaka 1957, akapewa tuzo ya Nobel mwaka 1997. Wabaini huizuia isifanye kazi. Kwa kiasi kidogo sana moyo hupiga kwa nguvu zaidi, na kwa sababu hiyo madaktari wa Ulaya waliitumia zamani kama dawa. Ikizidi kidogo, moyo huvurugika mapigo na kusimama.

Wawindaji walijua tangu zamani kwamba nyama ya mnyama aliyepigwa mshale wa kivai huliwa, ikiondolewa ile iliyozunguka jeraha, kwa kuwa sumu hii haina nguvu sana ikipita tumboni kama inavyokuwa ikiingia damuni. Tena matunda yake yakiiva kabisa huliwa na ndege, na hata watu wameyala wakati wa njaa. Lakini yasiyoiva ni hatari, na majani, magome na mbao ni hatari zaidi. Mtoto wa miaka miwili hajui tunda lililoiva na lisiloiva, wala mshikaki uliotungwa kijiti kibichi haumwambii mlaji ni kiasi gani cha utomvu kilichoingia nyamani. Mtu akidhaniwa ameula mti huu hana dawa ya nyumbani, wala maziwa hayafai; apelekwe hospitali mara moja, pamoja na kipande cha tawi lenyewe.

Yuko mnyama mmoja autumiaye bila kudhurika, naye apatikana Kenya. Ni panya mkubwa wa porini mwenye manyoya marefu meusi na meupe, ambaye hutafuna gome la mti huu na kujipaka mate yake ubavuni, penye nywele zilizoumbwa kunyonya sumu kama utambi. Mbwa akimuuma huumwa yeye. Wataalamu, akiwamo Mkenya Bernard Agwanda wa Makavazi ya Taifa, waliieleza siri hiyo mwaka 2011. Watu wa vijijini walikuwa wameisimulia kabla yao.

Pikipiki ilifika Makina kabla ya saa kumi. Mke wa mwana wa mzee alikuwa amerudi, amekata nyama vipande, na vijiti vilikuwa ndani ya beseni, vikilowekwa maji visiungue. Hakuna kilichokuwa kimetungwa. Mzee aliyamwaga maji chooni kwa mkono wake, vijiti vikahesabiwa. Vilikuwa hamsini na sita.

Vinne vilitafutwa na nyumba nzima. Wapangaji waliulizwa, watoto wakatikiswa mifuko, bati likatazamwa kwa ngazi. Yule mama aliketi juu ya kiti kidogo, mikono kichwani, akirudia kusema kwamba alionja, alionja mwenyewe, na kwamba alitema. Aliyepata jibu ni msichana. Alikuta watoto wawili wa chumba cha tano nyuma ya nyumba wakirusha tiara ya karatasi, na mgongo wa tiara na mabawa yake vilikuwa vijiti vinne vilivyochongwa ncha. Hawakuwa wamevitia mdomoni. Walisema vilikuwa vichungu. Mtu aulize walijuaje. Mama yao aliuliza, nao wakatazama chini. Walipelekwa zahanati usiku ule ule, wakaangaliwa mapigo ya moyo hadi asubuhi, wakarudi wazima wakidai tiara yao.

Mwana wa mzee alitaka mti ukatwe usiku ule kwa taa. Mpangaji mmoja alisema asipoukatwa atahama na kodi yake. Mzee aliomba siku mbili tu. Matunda yote yalichumwa kwa mfuko uliovikwa mkononi, na shina likafungwa magunia kuanzia chini hadi juu, hata likaonekana kama mtu mgonjwa aliyefunikwa blanketi. Kisha mzee akaleta kiti chake akaketi karibu nalo, ili asipite mtoto. Aliwaza kuuzungushia mabati. Mjukuu wake akamwambia kwa upole kwamba watoto wa Kibera huparamia mabati kabla ya kujua kutembea vizuri. Aliwaza pia kuuhamisha, na Jumapili akatuma mtu kwa yule mama wa miche. Jibu likaja kwamba mti wa miaka saba uliokwisha kupenyeza mizizi chini ya tangi hautaishi ukingolewa.

Lakini ukweli wa jina ulikuwa bado neno la mlinzi mmoja, naye mzee hakutaka kuukata mti kwa uvumi, kama vile ambavyo hakutaka kuuacha kwa uvumi. Siku ya Jumatatu yeye na mjukuu walichukua tawi ndani ya gazeti wakaenda Museum Hill. Katika uwanja wa Makavazi imo nyumba ambamo mimea iliyokaushwa imehifadhiwa makabatini kwa mamia ya maelfu. Hazina hiyo ilianzishwa Amani, katika milima ya Usambara, mwaka 1902 wakati wa Wajerumani, ikahamishiwa Nairobi mwaka 1950. Kazi ya kuandika kitabu cha mimea yote ya Kenya, Uganda na Tanzania ilianza kutoa sehemu zake mwaka 1952 na kumalizika mwaka 2012, nayo yaeleza aina 12,104. Msichana aliposikia hesabu hiyo alielewa kwa nini simu ilikosea.

Mtaalamu aliyewapokea hakuhitaji dakika nyingi. Alitazama majani yanayoelekeana, utomvu mweupe, kutokuwapo kwa miiba, maua ya makwapani na umbo la tunda. Akatoa kabatini karatasi za zamani zilizogandishwa matawi, akaliweka tawi la Makina kando yake. Jina la kitaalamu ni Acokanthera schimperi. Neno la kwanza ni la Kiyunani na lahusu ncha iliyo ndani ya ua. La pili ni ukumbusho wa Mjerumani Schimper, aliyekusanya mimea huko Uhabeshi katika karne ya 19. Mtandamboo ni wa jamii moja na mti huu, ndugu kwa ndugu, na ndiyo maana watu huchanganyikiwa. Mlinzi wa Kawangware hakukosea hata kwa herufi.

"Mti huu ulipandwa, Mzee, au ulijiotea?" mtaalamu akauliza, kalamu mkononi.

"Ulijiotea, mwanangu."

Mtaalamu akasema kwamba hilo ni neno la maana, kwani huonyesha kwamba mbegu za msitu bado hufika Kibera. Akawaomba walete tawi jingine zuri kabla ya mti kukatwa. Mzee alilileta siku ya pili asubuhi, limelazwa vema kati ya karatasi za gazeti, kila jani limenyoshwa kwa kidole. Alasiri ya siku hiyo mwanawe aliukata mti kwa msumeno, amevaa glavu, na kuni zake hazikupikiwa wala hazikuchomwa karibu na watu, ila zilizikwa shimoni. Kisiki kilimwagiwa saruji. Matofali matatu yalibaki mahali pake, na hakuna aliyeyaondoa.

Tawi lilikaushwa kwa siku kadhaa, likashonwa juu ya karatasi nene, na chini yake ikabandikwa hati ndogo kama ilivyo desturi ya nyumba ile. Msichana aliruhusiwa kuinakili katika daftari lake la biolojia. Penye jina la kienyeji paliandikwa murichu, kivai. Penye mahali paliandikwa Kibera, Makina, pembeni mwa tangi la maji. Na penye maelezo paliandikwa kwamba ni mti wa urefu wa mita mbili na nusu hivi, majani mabichi mwaka mzima, maua yenye harufu nzuri wakati wa usiku, haukupandwa.